Medali ya Babu Imegeuka Nyeupe

Ilembo,
Mpanda.
3 Februari, 1996.

Mpendwa kaka Rafaeli,

Nilishika kalamu nianze na salamu kama tulivyofundishwa shuleni, lakini mpwa wako Kasimiri amenikatisha. Sasa hivi tu ameokota punje ya mahindi chini, akaitia shavuni, akafumba mdomo, akanijia hapa kwenye kigoda. Akaushika mkono wangu, akaukunjua, akaitema punje katikati ya kiganja, akasimama kungoja sifa. Nimemsifu. Halafu nikamwingiza kidole mdomoni nikakagua chini ya ulimi na nyuma ya meno mpaka akalia. Ukisoma mbele utajua kwa nini.

Sasa pokea salamu zangu. Hujambo kaka? Joto la Dar es Salaam linakuachaje? Kile kifua chako kimetulia, au bado kinakubana usiku? Na wifi Libérate je, miguu imepungua kuvimba? Sisi huku tunashukuru. Mtoto alikohoa lakini sasa anakula. Mama yetu Mariana kule Mpimbwe hajambo, analalamika magoti tu. Mvua ni nyingi mno, ukuta wa jiko umelala upande mmoja.

Barua yako ya Krismasi niliisoma mpaka karatasi ikalainika kama kitambaa. Kwanza niliisoma peke yangu, halafu nikamsomea mume wangu Malale, halafu nikaenda nayo Mpimbwe kumsomea mama. Kila niliposoma pale ulipoeleza saraka ya yule mzee Daktari unayemfanyia kazi, niliiona kabisa: kitambaa cha kijani, vishimo vya mviringo, na ndani ya kila kishimo sarafu ya dhahabu yenye uso wa mfalme au malkia wa Ulaya ya zamani sana, wamepangwa kama watoto wa shule mstarini. Na kishimo kimoja kitupu. Halafu ulipofungua kitabu chake ukaona picha ya sarafu anayoitafuta miaka yote, ukasema mbona hii ni medali ya babu.

Kaka, mimi nimekua nikijua ni medali. Wewe vilevile. Babu aliachiwa na yule Padri mzee aliyemhudumia akiwa katekista, na tangu hapo kila mtoto wa nyumba yetu akibatizwa anashonewa ile medali kwenye kitambaa, anavalishwa kifuani mpaka anatambaa. Mimi niliivaa, wewe uliivaa, na Kasimiri ndiye wa mwisho, ndiyo maana ilikuwa kwangu. Upande mmoja Bikira Maria amempakata Mtoto. Upande wa pili yule mama mwenye taji, amesimama ameshika fimbo na kitu kama chungwa. Sisi tulidhani ni mtakatifu fulani. Kumbe ni mtawala wa kweli, Maria Theresia, aliyekuwa anatawala huko kwao wakati hata babu wa babu hajazaliwa.

Mayu Nyanzala, mama mkwe wangu, alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Nyie Wapimbwe mna akili. Sisi Wasukuma mali yetu ni ng'ombe, kila mpita njia anaihesabu. Nyie mali yenu mmeiweka kwa Mungu, nani ataigusa?"

Mama yetu hakucheka. Alisema tu, "Malkia alikuwa upande wake. Mimi nilikuwa nabusu upande wangu."

Lakini alikubali, kaka. Hilo nataka ulijue. Nilipofika pale ulipoandika kwamba Daktari anarudi kwao baada ya Pasaka, na kwamba akiipata hiyo sarafu atatununulia mashine ya kukoboa mpunga pamoja na injini yake, mama aliniangalia akauliza jambo moja: "Malale atatoka shimoni?" Nikasema ndiyo, mama, atatoka. Akasema, "Basi ipelekeni."

Wewe uliondoka kabla sijaolewa, kwa hiyo mambo ya machimboni huyajui. Mchimbaji akipata chembe ya dhahabu haiweki mfukoni, maana njiani kuna wanaopekua mifuko. Anaiweka shavuni. Malale akitoka kule porini watu wanamsalimia njia nzima, yeye anaitikia kwa kichwa kama mtu anayeumwa jino. Akifika mlangoni anaushika mkono wangu anatema. Ndiyo salamu yetu, na mtoto ameijifunza kabla hajajua kusema shikamoo.

Hayo ni ya kuchekesha, lakini lile shimo lenyewe, wao wanaliita duara, silo la kuchekesha. Ni kisima kisicho na maji, wanashuka kwa kamba, halafu wanachimba kwenda pembeni gizani. Wakati wa kiangazi naweza kulala. Masika hii silali. Udongo umelewa maji. Juzi duara la jirani yao lilikatika na watu ndani. Mmoja walimtoa akiwa hai, lakini mpaka leo hazungumzi. Malale alisaidia kufukua. Alirudi hana kitu shavuni, na bado hakuitikia salamu ya mtu.

Ng'ombe za baba yake ziliisha kwa ugonjwa, unajua. Shamba la Kakese ni la mama yake na linatosha chakula tu. Asiposhuka hatuna kingine. Kwa hiyo sarafu hii, kaka, mimi siioni kama dhahabu. Naiona kama kamba ya kumvuta mume wangu juu.

Uliandika maneno mawili ukayapigia mstari chini: isisuguliwe, na asipewe mtu. Nilishika hayo kama amri. Sikuisugua hata kwa kanga. Niliiacha kwenye kitambaa chake cha ubatizo, ndani ya sanduku, chini ya nguo za mtoto.

Sasa kaka, kaa vizuri. Nimeandika mistari mingi nikizunguka, kwa sababu naogopa kufika hapa.

Jumanne iliyopita wenzake Malale walikuwa wanamtania kule machimboni. Aliwaambia kidogo tu kwamba ana shemeji Dar na kwamba kuna mambo mazuri yanakuja. Mnunuzi mmoja wa dhahabu anayekaa pale na mzani wake akamvuta mpaka akajua habari yote. Akacheka mbele za watu. "Medali za kanisa? Hiyo ni shaba imepakwa rangi, baba. Shemeji yako atampelekea mzungu kifungo cha koti, afukuzwe kazi."

Wewe Malale humjui vizuri, lakini ndivyo alivyo, neno linamwingia linakaa. Alirudi nalo. Na mimi nilikuwa nimeenda kisimani.

Kule machimboni wana njia moja ya kujua dhahabu. Wanaichukua ile zebaki, maji yale mazito yanayong'aa kama bati, wanaiweka juu ya mchanga uliosagwa. Wanaamini kwamba zebaki italiruka jiwe na kuishika dhahabu. Malale ana kichupa chake. Alifungua sanduku, akafungua kitambaa, akaidondoshea sarafu tone moja, akapitisha kidole gumba mara moja. Basi. Ikanywa.

Niliporudi na ndoo kichwani nilimkuta amekaa kwenye kitanda, jasho linamtoka kama ana homa.

Akasema, "Ni dhahabu."

Nikamwambia, "Nani alikuuliza?"

Akafungua kiganja. Kaka, ilikuwa nyeupe. Nyeupe kama kijiko cha bati. Upande wa Bikira Maria ndio uliogeuka wote, uso wake na wa Mtoto umefunikwa kama umepakwa unga. Upande wa yule malkia umeshika kwenye ukingo tu, yeye mwenyewe bado ni wa njano. Nilitua ndoo nikakaa chini kwenye maji yaliyomwagika, sikuona hata baridi.

Sikumgombeza, Mungu anajua. Ningemgombezaje? Alisema tu, "Sikutaka shemeji aaibike."

Toka siku hiyo nyumba haina amani, ingawa hatugombani kwa sauti. Malale anasema dawa ni moja, kuichoma. Kule machimboni donge likishanywa zebaki linawekwa kwenye mkaa, ule weupe unaondoka na moshi, dhahabu inabaki njano yake. Amefanya hivyo tangu aanze kuchimba. Jana alikuja na kikapu cha mkaa.

Lakini mimi nimewahi kuliona hilo donge likitoka motoni. Ni njano, kweli, lakini linakwaruza kama jiwe la kusugulia miguu. Halina sura. Na Daktari wako anataka sura, si ndiyo kaka? Dhahabu nyingine ipo ardhini, hata hapa Mpanda. Uso ule ndio hauko mahali pengine.

Tena kuna jambo la moshi wenyewe. Siku ya kliniki Sista Theopista wa zahanati alitukalisha akina mama wote wenye waume machimboni, akatuambia moshi wa zebaki ni sumu, na kwa watoto ni sumu mara mbili, unaingia kwenye nguo na kwenye nyasi za paa unakaa. Nilimweleza Malale.

"Nitachomea nje," akasema. "Upepo unaelekea porini."

"Huo upepo umeuonyesha mpaka wetu?"

"Mama Kasimiri, unataka nifanye nini? Niiangalie tu?"

"Ndiyo. Uiangalie tu."

Mayu Nyanzala alikuwa nje anapepeta mchele akasema kwa sauti ili tumsikie, "Wengine wanaitafuta dhahabu maisha yao yote. Nyie mnayo mnaitafutia moto."



Kwa sasa iko kwenye kichupa cha dawa ya malaria, nimekifunga kwa uzi kwenye boriti ya paa, juu ambako hata Malale lazima apande kitu. Kasimiri anajua iko pale. Ananyoosha kidole juu anasema "Mama Maria". Ndiyo maana nikiona ametia chochote shavuni moyo unaruka, namfungua mdomo kila mara kama mbuzi wa sokoni. Zebaki ile bado iko juu yake, na mtoto hajui tofauti ya punje na sarafu. Anajua tu kwamba kitu cha thamani kinawekwa mdomoni.

Yule mnunuzi naye amejua kwamba ni dhahabu kweli. Ametuma mtu kusema ataichukua hivyohivyo ilivyo, aipime, aiyeyushe. Kwa mzani, kaka, si kitu, ni nyembamba na nyepesi kama kifuniko cha soda. Pesa yake itakuwa imekwisha kabla mvua haijakatika, na Malale atashuka tena.

Kwa hiyo ninachokuomba ni hiki. Zungumza na Daktari, umwambie ukweli wote, usimfiche. Muulize kama wao wasomi wanayo njia ya kuuondoa ule weupe bila moto na bila kusugua. Wanaozikusanya sarafu hizi lazima wamewahi kuona moja iliyoumia. Kama atasema imeharibika kabisa, niandikie hivyohivyo, usinipambie maneno kwa sababu mimi ni mdogo wako. Nitalia, lakini nitajua. Hali hii ya kutojua ndiyo inayonimaliza.

Maana mimi ile mashine nimeshaiweka kichwani, kaka. Nimeiweka pale kwenye kona ya barabara ya Kakese, chini ya bati, akina mama wamepanga magunia yao ya mpunga wanasengenyana. Malale amefunikwa na pumba kichwani, si matope. Jioni anarudi, watu wanamsalimia, na anaitikia kwa mdomo.

Hapa niliacha kuandika kidogo. Malale ameingia, akaona karatasi, akauliza namwandikia shemeji nini. Nilitaka kusema salamu tu. Lakini huyu mtu ananitemea kiganjani kila anachokipata, sijawahi kujua amenificha hata chembe. Nikamsomea yote, tangu juu.

Alisimama na koleo begani mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Pale juu, badilisha."

"Wapi?"

"Pale ulipoandika imegeuka. Haikugeuka yenyewe. Andika Malale ameigeuza."

Nikamwambia kichwa cha barua nimeshakiandika kwa wino, hakifutiki, na ndani nimeeleza ni nani. Akasema basi niandike hapa kwa maneno yake. Nayaandika kama alivyosema: "Shemeji, ni mimi. Nilisikia maneno ya watu nikataka nijue kabla hujasimama mbele ya mzee wako. Mkono wangu umezoea kazi moja. Nisamehe."

Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema Enoka anayekuletea barua hii asiondoke na barua tu, aondoke na sarafu. Iende nyeupe hivyohivyo, Daktari aione kwa macho yake mwenyewe kabla hajasafiri, aamue. Tukingoja majibu na kungoja tena, Pasaka itatupita.

"Na mkaa ulionunua?" nikamuuliza.

"Upikie maharage."

Enoka unamkumbuka, yule fundi baiskeli tuliyekuwa tunaimba naye kwaya. Anapanda treni ya leo mpaka Tabora, halafu anakuja huko kumwona dada yake. Malale amekishusha kichupa kutoka kwenye boriti yeye mwenyewe, akakijaza pamba, nami nimekizika katikati ya mchele huu wa Kakese anaokuletea. Enoka anajua anabeba nini, hatukumficha. Asiruhusiwe mtu kuupepeta mchele kabla yako. Ukikitoa kichupa, nawa mikono, na wifi asikiguse kabisa katika hali yake. Na usiibusu, kaka. Najua utataka.

Naogopa njia ni ndefu. Naogopa mabehewa yakilala Kaliua kama kawaida yao. Naogopa uso wa Daktari atakapoiona. Lakini afadhali woga wa kitu kinachotembea kuliko woga wa kitu kinachoning'inia juu ya kichwa cha mtoto.

Salamu naziweka hapa kabisa, maana Enoka akifika sitapata nafasi. Mwambie wifi Libérate nilikutana na baba yake gulioni, amekuja kwa baiskeli toka Mishamo na gunia la maharage, ana nguvu kuliko vijana, anasema mtoto akizaliwa aletwe aonwe. Mama Mariana anakusalimu na anasema usiache kanisa kwa sababu ya mji. Mayu Nyanzala anakusalimu, anasema Daktari akikosa mke wa kumpikia, yeye yupo. Wasalimie majirani zako wa Mpanda walioko huko. Mungu aliyekutunza ugenini akutunze zaidi, afungue moyo wa huyo mzee, na akupe usingizi mzuri wa kifua chepesi.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka,
Hilaria, Mama Kasimiri.

Kaka, karatasi ina nafasi kidogo na Enoka hajafika. Hili sikumsomea Malale kwa sababu halikuwepo. Mama aliponiuliza watoto wanaokuja watabatizwa na nini kifuani, nilisema watavaa kitambaa kitupu, Mungu anaona. Nilijibu haraka mno, akaniangalia tumbo. Bado ni mapema, sijamwambia mtu. Nikimwambia Malale sasa atashuka shimoni mara mbili kwa siku kwa furaha, namjua. Kwa hiyo kaa nalo.

Nimemuuliza, mbele ya mama yake ili asikwepe, kama atangoja habari yako kabla ya kushuka tena. Hakusema ndiyo wala hapana. Alitoka nje kumpokea Enoka, nasikia kengele ya baiskeli. Moyo wangu uko huko nje pamoja nao.

Sasa Malale ananiita dirishani. Anasema, "Mama Kasimiri, lete barua, treni haina shemeji hapa. Na mwandikie Rafaeli kwamba suruali yangu ya shimoni umeiloweka, mtu haendi kazini uchi."

Kaka, ni kweli nimeiloweka alfajiri wakati amelala, nikafikiri hajaona, na kwa mvua hii haiwezi kukauka mpaka jibu lako lifike.